Uzi Kwenye Kidole cha Sita

Mwanangu Wahab alizaliwa na vidole sita mkono wa kushoto. Na jirani yetu hapa Nkoma, Afande Ojok wa magereza, anavyo sita vilevile. Watu walitaka ushahidi gani tena? Mume wangu Isa akaacha kuitikia salamu za afande, na mimi akawa ananisemesha kama mpangaji mwenzake.

Nikamwita nesi Nandutu aje amweleze. Kumbe najichimbia kaburi. Nesi alisema kidole cha namna hiyo mtoto hukirithi, na mara nyingi mzazi mmoja tu akiwa na asili hiyo inatosha.

"Kwenu iko?" Isa akaniuliza.

"Hakuna."

Akanyanyua mikono yake mbele ya nesi. Vitano, vitano, na kile kikovu chake cha moto pembeni ya kidole kidogo. Nesi akaaga haraka.

"Mama anatoka Jinja leo," Isa akasema. "Akishaona mtoto, unaenda kwenu."

Begi langu lilikuwa mlangoni tayari. Talaka ilikuwa inamngoja mama yake tu. Niliogopa, sikatai, lakini hasira ilikuwa kubwa kuliko woga.

Bi Nangobi aliingia bila kunisalimu. Akafunua shuka, akautazama mkono wa mjukuu, akasonya.

"Lete uzi ya pamba."

Akakaa mkekani. Aliulowesha uzi kwa mate, akauzungusha mara mbili kwenye shina la kile kidole, akavuta fundo kwa meno. Wahab akapiga kelele. Mikono ya mama mkwe haikusita hata kidogo, na hapo ndipo nilipoanza kuitazama vizuri.

"Mama," nikasema, "hii kazi ulifanyia nani?"

Fundo la pili likamtoka mkononi.

"Mama?" Isa akasogea.

Bi Nangobi hakuinua uso. "Wewe," akamwambia mwanawe. "Ulizaliwa nayo. Nilifunga, ikakauka, ikaanguka. Nilijua imeisha! Kitu umetoa kabisa, inarudi namna gani kwa mtoto?"

"Uliniambia niliungua jiko."

"Ningesema nini? Watu walikuwa wanacheka."

Isa alikipapasa kile kikovu kama anakiona leo. Nesi alikuwa amesema kweli tupu: kidole kilianguka, asili yake ikabaki ndani ya Isa, akampa mwanawe bila kujua. Akaja kuliondoa begi mlangoni. Nikamzuia. Kwanza aende ng'ambo ya ua akamsalimie Afande Ojok, tena kwa sauti, majirani wasikie.

Alipotoka, Bi Nangobi akaushika uzi tena. "Nimalize, mwanangu. Itaanguka tu."

Nikauondoa mkono wake, nikalifungua lile fundo, nikambusu mtoto kidole chake cha sita.

"Kiache, mama. Siku atakapozaa, mke wake asije kuwekewa begi mlangoni."