Bi Editha na Dereva Wake

1.

Nyuma ya pikapu, kwenye bodi, kwa rangi nyekundu iliyoanza kufifia:

BI EDITHA NA DEREVA WAKE

2.

Bi Editha walimzika Februari, mvua ikiwapiga waombolezaji mgongoni. Dereva wake ni mumewe, Gaitani Kiponza wa Ilula, ambaye darasa la nne aliliona mlangoni tu. Pikapu aliinunua mama kwa nyanya zake mwenyewe, kadi ikaandikwa jina lake, mzee akashika usukani. Mpango huo haukumkera hata siku moja. Watu wakimcheka kwamba ameajiriwa na mkewe, aliwajibu kwamba mwajiri wake ana tabia nzuri kuliko mwajiri wao, yaani serikali.

Sasa gari lina jina la mtu asiyeweza kusaini. Bima inaisha mwisho wa mwezi, na wenye bima wamesema hawamkatii marehemu. Na nyanya zinaiva. Nyanya hazijui mirathi.

Msomaji, mengine yote ukiyasahau, hili lishike: mzee anataka kadi.

3.

(Ukutani, ofisi ya kadi za magari mjini, karatasi ndani ya nailoni)

MTEJA ANAYEHAMISHA UMILIKI WA CHOMBO CHA MOTO ALETE:
kadi halisi;
vitambulisho vya anayetoa na anayepokea;
chombo chenyewe kwa ajili ya ukaguzi.
IKIWA ANAYETOA AMEFARIKI, afike msimamizi wa mirathi aliyethibitishwa na mahakama.
TUNASISITIZA LUGHA YA STAHA.

Kiponza alisomewa hayo na mlinzi. Alipofika kwenye staha aliuliza kama na wao wanadaiwa staha hiyo, au ni ya wateja peke yao.

4.

Ili mahakama imthibitishe msimamizi, ukoo ukae kwanza. Ukoo ulikaa siku ya kuanua matanga. Mwandishi alikuwa kaka wa marehemu, Mwalimu mstaafu Benitho Mhanga, ambaye mtu akipiga chafya kikaoni huandika.

MUHTASARI WA KIKAO CHA UKOO
Agenda ya tatu: Msimamizi wa mirathi.
Bw. Kasiani Nyoni (mtani, Mngoni, muuza matairi) alisimama na kusema kwamba yeye ndiye mume halali wa marehemu na kwamba Bw. Kiponza alikuwa dereva tu, kama ilivyoandikwa kwenye gari. Wajumbe walicheka. Bw. Nyoni aliomba akabidhiwe gari, dereva na kuku wote. Mwenyekiti aliuliza kama yupo anayepinga. Hakuna aliyepinga. Wajumbe walicheka tena.
Azimio: Bw. Nyoni awe msimamizi.
Mgane alisaini.
Chai ililetwa.

5.

MWALIMU BENITHO: Nimefundisha miaka yote hiyo, sijawahi kuandika jambo ambalo halikusemwa. Lilisemwa. Mimi si wa kuchagua kipi ni utani na kipi si utani. Kalamu haina masikio ya namna hiyo. Na shemeji alisaini.

Alisaini, ni kweli. Alisaini huku anatazama jembe lililochimba kaburi, limeegemezwa ukutani, udongo mwekundu ungali umeligandia. Siku ile ungemletea karatasi ya kuuza miguu yake, angesaini.

6.

KASIANI NYONI: Tulikwenda na Mwalimu mahakamani. Nilidhani utani utaishia mlangoni. Karani akasoma muhtasari wote, akasema, weka sahihi hapa, na hapa. Nikamtazama. Nilikuwa nasubiri aanze kucheka yeye. Hakucheka. Nami sikutaka kuwa wa kwanza.

7.

(Ubao wa matangazo, mahakama ya mwanzo)

MIRATHI YA MAREHEMU EDITHA MHANGA. Mwombaji: Kasiani Nyoni. Mwenye pingamizi alilete kabla ya tarehe ya kusikilizwa.

(Mbele ya ubao)

— Umeona? Kasiani kaupata urithi.
— Hebu soma vizuri.
— Nimesoma. Na muhuri upo.
— Tupeleke pingamizi?
— Umpinge mtani? Una wazimu wewe? Acha tuone mwisho wake.

Kiponza alipita mbele ya ubao ule kila akienda shambani. Hakusoma. Matangazo ya wakubwa hayasomi, ni msimamo aliouchukua tangu walipotangaza maji ya bomba.

8.

Kwa hiyo siku aliyovaa koti na kwenda kwa karani wa mahakama kuomba usimamizi mwenyewe, hivi ndivyo ilivyokuwa:

"Msimamizi tayari yupo, mzee wangu."

"Nani?"

"Kasiani Nyoni."

"Huyo ni mtani."

"Hapa hatuna sehemu ya mtani. Tuna sehemu ya msimamizi."

"Mfute."

"Kumfuta kuna njia yake. Unaandika maombi, yeye anaitwa, anajibu, mheshimiwa akirudi likizo anapanga tarehe. Au mwambie tu Nyoni akuhamishie gari. Ana mamlaka hayo."

"Nyanya zangu zinaiva, mama."

"Hiyo usiiandike kwenye maombi."

9.

Wenye makosa, kwa mujibu wa Gaitani Kiponza, akitoka mahakamani kwa miguu:

hakimu, na likizo yake
karani
aliyemfundisha karani
aliyebuni muhuri
mbunge, ambaye hata sura yake imesahaulika
Mwalimu Benitho na kalamu yake
Mngoni
Wangoni wote mpaka mto Ruvuma

                    aliyesaini pale chini, G. Kiponza

Huyo wa mwisho alimtaja kwa sauti ndogo. Halafu akamrudia mbunge.

10.

Nyoni alikuwa amekalia tairi lake kubwa kuliko yote, anakula muhogo.

"Kamwene, dereva."

"Kamwene. Nihamishie gari langu."

"Gari lako? Hebu kadi niione."

"Kasiani, sina mchezo leo."

"Lini ulikuwa nao? Umekonda, mtumwa wangu. Nasikia mbwa wa mtaani kwenu wananenepa siku hizi, wamegundua Mhehe hana hamu ya kula."

Kiponza alikuwa amejiandaa kukasirika. Mdomo ukacheka upande mmoja bila ruhusa yake.

"Unataka nini, Mngoni?"

"Kuku wenu nilimla msibani. Hela yako inanuka nyanya, kaa nayo. Nataka kupelekwa mjini kama mwenye gari. Wewe unaendesha, mimi mbele."

"Utapanda nyuma na matenga."

"Mwenye gari hapandi na matenga."

"Mbele hapakaliwi."

Nyoni aliuweka muhogo chini.

"Najua," alisema. "Ndiyo maana napataka."

11.

Kiti.

12.

Juu ya kiti kile pana kitenge cha Bi Editha, cha bluu chenye kuku wa kijani, kimekunjwa alivyokikunja mwenyewe siku aliyoshuka kwenda hospitali na kusema, nishikie hapo, narudi sasa hivi.

Tangu hapo wote hupanda nyuma. Mwalimu Benitho alipanda nyuma. Padre wa parokia aliomba lifti akapanda nyuma, akashuka na mbegu za nyanya kwenye kanzu, akasema amebarikiwa.

Asubuhi ya safari Kiponza alifungua mlango wa kushoto akasimama. Akakichukua kitenge. Akatafuta pa kukiweka. Kwenye dashibodi kulikuwa na vumbi, nyuma kulikuwa na mafuta, ndani ya nyumba kulikuwa mbali. Mwisho akakifunga shingoni kama skafu, na kuku wa kijani wakamchungulia begani.

Nyoni alifika, akaona. Ulimi tayari ulikuwa na la kusema. Akaumeza utani wake mzima mzima, akapanda.

13.

PIKAPU: Huyu ni mzito kuliko yule.

14.

Msomaji, kama kwenu hamna watani, nikwambie kazi yao moja. Msibani, wakati wafiwa wanalia, mtani ndiye mwenye ruhusa ya kumwigiza marehemu. Anavaa viatu vyake, anatembea mwendo wake, anagomba ugomvi wake. Watu wanacheka huku machozi yanatoka, na hakuna anayechukuliwa kuwa mkosefu wa adabu.

Februari, msibani, Nyoni hakumwigiza Bi Editha. Alijilaza tu nyuma ya pikapu, akazuia jeneza lisipakiwe mpaka apewe kuku, basi. Watu walisema amezeeka.

15.

Barabara ilikuwa nyeupe kwa jua. Kiponza alikuwa anawataja wakubwa mmoja mmoja, amefika kwa waziri, na mguu ulikuwa unazidi kukanyaga kadiri cheo kilivyopanda. Ndipo kutoka kiti cha kushoto ikatoka sauti nyembamba, ya puani kidogo, yenye subira iliyokaribia kwisha:

"Gaitani. Umebeba nyanya, hukubeba mawe."

Akakanyaga breki kabla hajajua anakanyaga breki.

Pikapu ikasimama pembeni. Nyoni akatazama mbele, mikono kwenye mapaja, vidole vimepandana vile vile alivyokuwa akipandanisha yule mama.

"Na huyo waziri," sauti ikaendelea, "umemkuta wapi leo tena? Alikuja kwetu kunywa chai? Hakuja. Basi mwache, endesha."

Kiponza akaweka kichwa kwenye usukani. Mabega yakaanza kutikisika, na honi, kwa sababu paji la uso lilikuwa limeigandamiza, ikalia ndefu mpaka mbuzi wa watu wakakimbia. Kama alikuwa anacheka au

Alikuwa anacheka. Hilo nalo lilikuwemo.

16.

Ipogolo, kabla ya kupanda mlima wa kuingia mjini, askari wa barabarani akanyoosha mkono.

"Gari la nani hili?"

"La mke wangu," akasema Kiponza.

"La mke wangu," akasema Nyoni.

Askari akamtazama huyu, akamtazama yule, akakitazama kitenge shingoni. Akazunguka nyuma, akasoma bodi. Akarudi.

"Dereva ni yupi?"

"Mimi."

"Leseni unayo, bima haijaisha. Nenda. Mengine mkamalizane na Bi Editha."

17.

Ofisini walipokelewa na dada mmoja mwenye miwani, mchangamfu, jambo lililomkwaza Kiponza maana alikuwa amekuja na maneno ya mtu mkali na sasa hana pa kuyatua. Gari likakaguliwa. Namba ya injini, sawa. Namba ya chasisi, sawa baada ya kusugua tope la msimu mzima.

"Msimamizi, saini."

Nyoni akaishika kalamu. Kiponza akamtazama usoni, akisubiri sharti jipya: mbuzi, kucheza ngoma, kuitwa bwana. Halikuja. Nyoni alisaini polepole kama mtu anayeshusha kitu kizito asikivunje, akasukuma karatasi upande wa pili.

"Haya, dereva. Umepandishwa cheo."

"Jina lako litaingia, mzee," dada akasema. "La marehemu litatoka."

"Litatoka liende wapi?"

Dada alitazama karatasi yake. Sehemu hiyo haikuwemo.

"Na lile la nyuma, kwenye bodi," Kiponza akauliza, "nalo mnalifuta?"

"Yale maandishi? Hayo hayatuhusu, mzee."

Ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yake Gaitani Kiponza kufurahi kuambiwa na serikali kwamba jambo haliihusu. Aliomba arudiwe.

"Hayatuhusu kabisa," dada akarudia, akabonyeza kitufe. Akabonyeza tena.

18.

(mtandao uko chini)

19.

(mtandao uko chini)

20.

"Njoo kesho, mzee. Njoo peke yako tu, msimamizi kamaliza kazi yake. Ukirudi mtandao, kadi inatoka."

"Na usiporudi?"

"Keshokutwa."

"Na bima yangu?"

"Tuombe urudi."

Kiponza alivuta pumzi ya kuanza na mkurugenzi. Kutoka nyuma yake, chini chini, puani kidogo:

"Gaitani."

Akaitoa pumzi ile bila mkurugenzi ndani yake.

21.

(Sokoni, wauza nyanya, jioni hiyo)

— Kaipata?
— Bado.
— Basi karudi anatukana.
— Karudi anacheka. Ana kitenge shingoni.
— Kitenge?
— Cha kuku.
— Huyo mgonjwa.
— Kala ugali kwa mama Zubeda, kaongeza.
— Mh. Basi si mgonjwa.

22.

Asubuhi. Kadi haijatoka. Huenda ikatoka leo, huenda wakubwa wameukalia mtandao wao bado, Kiponza hana imani nao na hajasema anayo. Matenga yamepangwa nyuma, nyanya nyekundu juu, za kijani chini. Kiti cha kushoto kimefutwa vumbi, hakuna kitu juu yake.

Amri ilikuwa aende peke yake. Njia ya mjini haipiti kwa muuza matairi. Inabidi mtu aiache lami, azunguke machinjioni, apite kwenye matope.

Pikapu ikazunguka machinjioni. Ikapita kwenye matope.

Honi.

Nyoni akatoka na mswaki mdomoni.

"Nani anampigia honi bwana wake asubuhi yote hii?"

"Panda."

"Nimeshasaini, Mhehe. Unanitakia nini tena?"

Kiponza alitazama kioo, akarekebisha kioo kilichokuwa sawa, akakaza fundo la kitenge.

"Nimebeba nyanya," alisema. "Barabara nzuri, gari jepesi. Nikimfikia yule waziri, nani ataniambia nipunguze mwendo?"