Hansi Chini ya Mwaloni

Uvumi ulimkuta Debuli akikanda unga wa wimbi: eti bintiye Hansi, aliyeolewa ng'ambo ya mlima, yuko kwenye msitu wa mialoni siku ya sita leo, na miguu imeota mizizi. Akajaribu kuusahau. Ukamfuata zizini, ukamfuata kitandani. Kulipokucha alifunga mikate kwenye kitambaa, akaenda.

Ilikuwa kweli. Hansi alikuwa amezama hadi magotini, mgongo kwenye shina. Mvua ilichuja majanini, ikateremka na gome ikiwa na rangi ya chai, ikampitia shingoni na kuingia ardhini kwa miguu yake. Kwingine kote ardhi ilikuwa tupu kama ua uliofagiwa, na maji yalikimbilia bondeni na udongo wake.

"Nilifagia majani ya kulalia ng'ombe mara mbili kwa wiki," Hansi alisema. "Mama mkwe alitaka samadi nyingi. Mvua ikakosa pa kukaa, ikakaa kwangu."

"Inauma?"

"Baridi tu. Umeleta chumvi ya pilipili?"

Alikuwa ameleta. Akamlisha, kisha akaazima jembe.

Mama mkwe wa Hansi akatokea na wanawake wa kijiji, mtungi kichwani umejaa pomoni. "Mama Hansi, weka jembe chini. Chemchemi ilikauka miaka minne. Tangu mtoto asimame hapa, inatoka."

"Basi simama wewe."

"Na magoti haya? Nitaotesha uyoga!" Wanawake wakacheka.

"Mwanangu si mti."

"Nani kasema mti? Chai tunamletea kila siku."

Mume wa Hansi alikuwa amemfungia turubai. Mkuu wa kijiji akaliondoa, maana lilizuia mvua.

Debuli alichimba hadi adhuhuri. Kila alichotoa, mvua ilikirudisha.

"Acha, Mama," Hansi akasema mwishowe. "Unanikata."

Akaacha. Nyuma yao mke mpya wa shemeji yake Hansi alikuwa ameinama na fagio, anajaza tenga la pili.

Tangu hapo Debuli huwaambia wenye mabinti:

Usifagie majani ya mwaloni mpaka udongo uonekane.
Usiegemee shina mvua ikinyesha.
Usinyamaze ukiagizwa tenga la pili.
Usimwoze binti kwenye kijiji ambacho chemchemi yake imekauka.
Wala ambacho chemchemi yake imerudi, kabla hujauliza imerudije.