Maneno Matatu ya Fundi Nekesa

Kama hujawahi kuambiwa "bear with me", yaani nivumilie kidogo, basi wewe hukai Ruiru. Maji yakikatika kwa ploti tunamopanga, caretaker wetu Mutie anaandika kwa grupu ya WhatsApp: "Kindly bear with us." Dawa ikikosekana, dada wa duka la dawa anakuangalia kwa huruma, anasema, "Bear with us, mami, rudi Alhamisi." Hata fundi wa viatu hapa steji ya matatu ya Kimbo, mtu ambaye Kiingereza chake kinaishia kwa "yes", ukimuuliza kiatu chako kiko wapi anakujibu, "Customer, bear with me," halafu anaendelea kunywa chai yake. Siku hizi hatuombani msamaha. Tunabearishana tu.

Na mimi nilikuwa bingwa wao wote. Naitwa Nekesa, nashona nguo za akina mama, kibanda changu kiko nyuma ya steji. Sisi mafundi tuna tabia moja mbaya, na naisema kwa sababu ni yangu pia: hatukatai kitambaa. Ukimkataa mteja ataenda kwa jirani, kwa hivyo unampima, unaandika vipimo kwa karatasi, unaibana na pini kwa kitambaa chake, unamwambia Ijumaa. Wewe unajua si Ijumaa. Yeye mwenyewe anajua si Ijumaa. Ijumaa ikifika anapiga simu, unamwambia yale maneno matatu, na maisha yanaendelea.

Hivyo ndivyo nilivyomfanyia Cucu Mumbi; cucu ni nyanya kwa Kikuyu.

Aliletwa kwangu mwezi wa sita na mjukuu wake, Tabby, ambaye nilikuwa nimemshonea nguo ya graduation nikachelewa siku mbili peke yake. Kwangu hiyo ni kuwahi. Cucu anakaa Makongeni, Thika, na mumewe Githinji, ambaye wajukuu humwita Guka, yaani babu, mzee aliyefanya kazi kiwanda cha vitambaa mpaka akastaafu. Wameishi pamoja miaka hamsini na mbili. Mbuzi za mahari zilipelekwa kwao, watoto sita wakazaliwa, lakini kanisani hawakuwahi kufunga ndoa. Mzee alikuwa akisema Mungu alishawaona, hana haja ya kuitwa tena. Sasa kanisani kwao, kama ndoa haijabarikiwa, huruhusiwi kushiriki Meza ya Bwana. Miaka hiyo yote kikombe kilimpita Cucu akiwa ameinamisha kichwa, na wasichana aliowafundisha Sunday school wakinywa. Mwaka huu mzee mwenyewe ndiye alisema, twende tukabarikiwe.

Harusi ilikuwa iwe mwezi wa nane. Cucu akanipigia mara ya kwanza, nikamwambia bear with me. Mara ya pili, bear with me. Mara ya tatu alinikuta nasuka nywele, nikamwambia hivyo hivyo, na kitambaa chake kilikuwa chini kabisa kwa gunia, hata mkasi hakijaona. Akina mama wa kanisa wakataka kumwazima nguo, akakataa. Alisema amengoja sana kusimama mbele ya madhabahu, hatasimama na nguo ya mtu. Wakaahirisha. Mwezi wa tisa mzee akaanguka, mapafu. Alilazwa wiki tano, halafu daktari akamwambia Tabby wampeleke nyumbani wakae naye.

Jumatatu moja Tabby akanipigia. Hakunitusi, na hiyo ndiyo iliniuma.

"Aunty Nekesa, Pastor Njau ametupatia Jumamosi saa nne. Guka hatafika Disemba."

Kabla sijajibu, Cucu akachukua simu.

"Nekesa, yale maneno yako ya Kizungu nimeyajua. Hospitali walikuwa wananiambia kila asubuhi, bear with us, cucu. Nikauliza Tabby maana yake, akasema ni kuvumilia. Sasa nisikize vizuri. Mimi nimemaliza kuvumilia. Usiniambie hayo maneno tena."

Nilikaa chini kwa stuli nikaona aibu, aibu ya kweli, ile ya kuchoma masikio. Mtu angekuwa amekula Meza ya Bwana na mume wake mzima mwezi wa nane, na aliyemzuia ni mimi na gunia langu. Nikaapa hapo hapo kwamba Jumamosi saa nne Cucu atakuwa amevaa, na hayo maneno hayatatoka kinywani mwangu hata nikichomwa na pasi.

Jumanne nilikata. Jumatano nikaunga kiwiliwili na zipu, nguo nyeupe ya maziwa, nzito, ya kukaa vizuri kwa mama wa miaka sabini na nne. Alhamisi saa sita, nikiwa naanza mikono ya lesi, transfoma ikalipuka puu, cherehani ikanyamaza. Mutie hakukawia: "Transformer imeungua. Itakuja next week. Kindly bear with us."

Nilimwandikia Mutie jambo ambalo sitalirudia hapa, maana yeye ni mzee wa kanisa.

Cherehani yangu ni ya stima. Ile ya miguu niliuza mwaka jana, nilitaka kuonekana fundi wa kisasa. Zamani hapo ndipo ningepiga ile simu ya maneno matatu, tena ningekuwa na sababu safi kabisa. Badala yake nikampigia Tabby nikamwambia ukweli: mikono bado, stima hakuna. Akasema jirani yao, Mama Apiyo, ana cherehani ya miguu. Nikafunga kibanda, nikatia nguo kwa mfuko wa nailoni, nikashika njia ya Thika.

Ijumaa nzima nilishonea kwa veranda yao, cherehani ya Mama Apiyo ikiwa imeletwa hapo. Mzee Githinji alikuwa kwa kiti kando yangu na blanketi kwa magoti, akipumua kidogo kidogo. Aliomba nimpe kipande kilichobaki, akakisugua kwa vidole viwili.

"Hiki kitambaa ni kizuri," akasema. "Hakitachakaa." Akapumzika kwanza. "Nekesa, mimi ndiye nilichelewesha huyu mama. Wewe umechelewesha miezi, mimi miaka hamsini na mbili. Kwa hivyo mimi siwezi kukugombeza. Lakini maliza."

"Nitamaliza, Guka."

"Sijauliza kama utamaliza. Nimesema maliza."

Saa tisa mkanda wa cherehani ukakatika. Nilizunguka maduka ya Makongeni yote, hakuna. Nikaufunga na kamba ya kiatu, ikakatika. Basi nikachukua sindano. Lesi ni kitu cha kiburi, inateleza, inakwama kwa kucha, na mimi sikuwa nimeshona mkono mzima kwa sindano tangu nilipokuwa najifunza kazi. Jioni mikono yote miwili ilikuwa imeingia, na Cucu akanifukuza nikalale.

Asubuhi tulienda kanisani mapema, tukajifungia kwa kachumba ka nyuma ambako kwaya huweka mikoba. Cucu akavaa. Nikapiga hatua moja nyuma nimwangalie, nikaona kosa. Mkono wa kushoto nilikuwa nimeuweka ndani nje. Maua ya lesi yalikuwa yameangalia ngozi yake, na nyuzi za mshono zilikuwa zinaning'inia nje mbele ya watu wote. Ilikuwa saa tatu na dakika arobaini.

"Umekosea," Cucu akasema.

"Nimekosea."

"Fumua."

Hakukuwa na muda wa kumfungulia zipu, kumvua na kumvisha tena. Nilifumua akiwa ndani yake, nikageuza mkono, nikaanza kushona nikiwa nimepiga magoti kwa kiti, yeye amesimama wima na kiwiko juu. Kinanda kilianza kupigwa. Kikanyamaza. Saa nne na dakika kumi Pastor Njau akagonga, akachungulia. Nyuma yake, kupitia mlango, niliona Mzee Githinji kwa wheelchair mbele ya madhabahu, suti imemzidi, kichwa kimeinama.

"Mama, kuna harusi nyingine saa tano," Pastor akasema taratibu. "Na mzee anachoka. Tunaweza kuanza bila mkono, ama tusongeshe wiki ijayo?"

Wiki ijayo. Hakuna mtu kwa hicho chumba aliyeamini wiki ijayo. Yale maneno matatu yalikuwa yamefika kwa ulimi wangu, yamezoea njia, na nikauma mdomo.

"Pastor, nimebakisha kwapa tu," nikasema. "Dakika kumi. Sitoki hapa na wewe usitoke hapo mlangoni. Nihesabie."

Pastor akaangalia saa yake, akamwangalia Cucu. Cucu hakugeuza hata shingo, kiwiko bado kiko juu.

"Pastor," akasema, na Kiingereza chake kikatoka polepole, kila neno limesimama peke yake. "Bear with us."

Sindano ilinidunga kidole. Alikuwa amesema "us", sisi. Akaniweka na mimi ndani.

Nilimaliza kwa dakika nane. Nilikata uzi kwa meno kwa sababu sikuona mkasi, macho yalikuwa yamejaa. Cucu akatoka na miguu yake mwenyewe, akasimama kando ya kiti cha mzee. Wakati wa Meza ya Bwana, Githinji alishindwa kushika kikombe. Cucu akamshikia akanywa, halafu akanywa yeye. Hakuinamisha kichwa.

Mzee aliishi siku kumi na tisa.

Baada ya mazishi nilienda Makongeni na mkanda mpya wa cherehani ya Mama Apiyo. Nikamwomba Cucu ile nguo, nirudie mkono wa kushoto kwa mashine, maana mishono ya kwapa ilikuwa mikubwa na imepinda, aibu kwa fundi yeyote. Alienda akaileta, akaikunjua kwa mapaja, akapitisha kidole juu ya mishono yangu mpaka mwisho. Kisha akaikunja tena.

"Huu mkono uache," akasema, na akaenda kuirudisha kwa sanduku.