Mmbea wa Barazani

Katika nyumba yetu hakuna kitu kilichowahi kupokelewa kwa heshima kama kile kisanduku cha plastiki. Hata mdogo wetu mchanga, tunayemwita Mheshimiwa kwa sababu anahudumiwa na watu wanne na hasemi asante, hakupigwa picha nyingi kiasi hicho alipoletwa kutoka hospitali. Baba, ambaye kazi yake ni kutengeneza friji, alikiunganisha mwenyewe juu ya meza ya chakula huku akitukataza kupumua karibu na skrubu. Mimi nilishika tochi. Mdogo wangu wa kike, ambaye kwa tabia yake ya kutoa hukumu kabla ya ushahidi anaitwa Hakimu, alishika karatasi ya maelekezo.

Kazi ya kisanduku ni kuhesabu mionzi. Usishtuke. Mionzi kidogo ipo kila mahali, kwenye udongo, kwenye matofali, na mingine inashuka kutoka angani bila kubisha hodi. Kisanduku kikiinasa kinalia "tik". Hesabu inakwenda kwa intaneti hadi kwenye ramani ya mtandao wa wajitoleaji, watu wa kawaida kabisa, wafuga kuku, wauza vitabu, wastaafu wasiopenda kukaa bure, ambao wametundika visanduku kama hivyo majumbani mwao ili hesabu ikipanda vibaya mahali fulani, watu wajue mapema. Kila nyumba ni kitone cha kijani. Mji wetu haukuwa na kitone hata kimoja. Baba alikuwa akiifungua ramani hiyo kila asubuhi na kuliangalia pengo letu kama mtu anayeangalia pengo la jino lake kwenye kioo.

Kitone hakitolewi ovyo. Nyumba mpya huwekwa kwenye majaribio, na sharti ni moja: hesabu ikipanda, wenye nyumba waeleze kwa nini. Wakishindwa mpaka majaribio yaishe, wanaanza upya. Baba aliongeza sharti lake, akiniangalia mimi peke yangu.

"Mzaha mmoja tu kwenye hiki kitu, na hutakigusa tena maisha yako yote."

Ni kweli kwamba nilifika likizo mapema kuliko wenzangu wa bwenini, kwa sababu ya kengele ya shule. Sitaeleza zaidi, kwa heshima ya kengele.

Tulikitundika kisanduku barazani, mwisho kabisa, mbali na mlango na mbali na jiko. Kwa kuwa hakikuweza kunyamazia jambo lolote, tulikipa jina la Mmbea. Siku za mwanzo Mmbea alikuwa mpole. Tik. Halafu kimya. Tik, tik. Tulikaa chini yake familia nzima tukimsikiliza kama watu wanaosikiliza mechi.

Kisha mvua ikanyesha, na Mmbea akapandwa na maneno. Baba alitoka bafuni na povu masikioni. Hakimu alininyooshea kidole, nami nikamwonyesha kwamba nilikuwa nimeikalia mikono yangu yote miwili. Baba akampigia Mratibu wa mtandao, mwanamke mwenye sauti ya mtu ambaye hajawahi kuharakishwa na yeyote.

"Ni mvua hiyo," alisema. "Hewani kuna vumbi la asili lenye mionzi, mvua inaliosha na kulileta chini. Ikikatika, kitatulia. Hongereni, kifaa chenu kina masikio."

Mvua ikakatika, Mmbea akatulia, na Baba akacheza. Nasema alicheza, mtu mwenye kitambi chake, ndani ya taulo, mbele ya majirani. Nilijiunga naye. Sikumbuki kama nimewahi kufurahia kitu ambacho sikukifanya mimi.

Wiki ya mwisho ya majaribio ndipo mambo yalipochafuka. Jua linawaka, anga jeupe, na jioni Mmbea akaanza kupayuka, mara nyingi kuliko siku ya mvua. Akatulia kabla ya chakula. Kesho yake, jioni, vilevile.

"Umeweka nini?" Baba aliniuliza.

"Sijaweka kitu, Baba."

"Hata kengele ulisema hujaiweka," alisema Hakimu.

"Kengele sikuiweka. Niliiondoa. Ni makosa mawili tofauti."

Baba hakucheka. Aliketi ngazini, akasugua uso. "Mratibu anataka maelezo kufikia kesho jioni. Ningekuwa na maelezo, ningeyatoa. Nina wewe tu."

Hapo ndipo nilipoonja uchungu wa kushukiwa bure, jambo ambalo kwa mtu wa rekodi yangu ni nadra na la kufedhehesha sana. Nikaamua kumtafuta mhalifu wa kweli. Asubuhi nilipitisha kila kitu cha nyumbani mbele ya Mmbea: pasi, redio, ndoo ya mchanga, viatu vya Baba, paka, na Hakimu mwenyewe, ambaye alikubali baada ya kuambiwa kuwa sheria ni msumeno. Tik. Kimya. Hakuna mwenye hatia.

Jioni akaja Mama Mkubwa.

Mama Mkubwa ni dada wa Mama, anakaa mtaa wa nyuma, na ni mwalimu wa udereva. Huongea na watu wote kana kwamba wanakaribia kugonga ukuta. Mheshimiwa alipozaliwa, yeye ndiye aliyekuwa akimbeba tangu asubuhi mpaka Mama alipomdai. Lakini tangu arudi kutoka semina ya kazini, alikuwa amebadilika. Alikuja kila jioni, akasalimu kutoka mbali, akaketi mwisho wa baraza na kikombe alichokuja nacho kutoka kwake, akamtazama mtoto kwa mbali, akaondoka. Hakumgusa. Mama alikuwa na hakika kwamba dada yake amekasirikia jina la mtoto, na alikuwa ameshalia mara mbili, chumbani.

"Shikamoo, Mama Mkubwa."

"Marahaba. Baki hapohapo, usinisogelee."

Akaketi. Juu ya kichwa chake Mmbea akaanza: tik-tik-tik-tik. Akainuka kwenda getini kuzungumza na jirani, Mmbea akanyamaza. Akarudi, Mmbea akaendelea pale alipoachia. Nilikimbilia chumbani kwa Baba, nikachukua simu yake bila ruhusa, nikampigia Mratibu.

"Samahani, mama. Je, mtu anaweza kukifanya kifaa kiongee?"

Alicheka kidogo. "Anaweza. Kuna dawa ya hospitali ya tezi ya shingoni, mgonjwa akiinywa hubaki na mionzi kwa muda, halafu inaisha. Kukaa naye barazani hakuna tatizo. Ila huambiwa asikae karibu na watoto wachanga, asiwabebe, mpaka daktari amruhusu."

Nikasimama na simu mkononi. Kikombe chake mwenyewe. Kiti cha mbali. Gari lake la mafunzo lililofunikwa turubai wiki nzima. Mama Mkubwa alikuwa ametafuta mahali pa mbali kabisa na mtoto, na hapo mbali ndipo sisi, kwa akili zetu zote, tulipomtundika Mmbea.

Nilirudi barazani nikasimama kwa umbali wa adabu.

"Mama Mkubwa, hakukuwa na semina."

Alinitazama kwa macho ya kukamata breki. "Nani kakwambia?"

Nikamwonyesha kisanduku. Tik-tik-tik, kikasema, bila haya yoyote.

Aliweka kikombe chini. Kisha akasema chini chini, "Mama yako ametoka kujifungua. Akisikia hospitali, akisikia mionzi, hatalala. Atadhani nimemletea mwanawe sumu. Nilitaka tu kumwona mtoto, hata kwa mbali. Nikashindwa kukaa nyumbani."

"Basi nitasema ni mimi," nikasema. "Nimefanya mzaha. Wataamini mara moja, sifa ninazo."

"Na hicho kitone cha baba yako?"

"Tutaanza upya. Yaani wao wataanza. Mimi nitakuwa nimefukuzwa."

Alinitazama muda mrefu, kama anayemtazama mwanafunzi aliyeegesha gari vizuri kwa mara ya kwanza.

"Wewe mtoto," alisema, "huwezi hata kutubu kosa lako, utalitubu langu?" Akainua sauti. "Mdogo wangu! Njoo hapo mlangoni. Usisogee zaidi. Mtoto mwachie baba yake."

Akamweleza yote kutoka kule mwisho wa baraza, shingo, dawa, daktari, kwa sauti ya kufundishia kona kali. Mama alisikiliza huku ameshika fremu ya mlango.

"Kwa hiyo si jina?"

"Jina gani? Jina ni zuri tu."

Mama akacheka, akalia, akatukana kidogo, akataka kumkimbilia, akaambiwa breki. Baba alikuwa nyuma yake na Mheshimiwa begani. Alinirushia bisibisi, chombo ambacho huwa haazimishi mtu, akaniambia nihamishe kiti cha Mama Mkubwa na kuukaza mguu wa kiti uliolegea.

Kwa ruhusa ya mwenyewe, maelezo yalitumwa jioni ileile: mgeni aliyetibiwa hospitali alikaa karibu na kifaa, kiti kimehamishiwa getini. Hakimu aliyasoma, akatangaza kwamba nimeachiwa huru kwa kukosekana kwa ushahidi. Majaribio yalipoisha, kitone cha kijani kikatokea juu ya mji wetu. Baba akacheza tena, safari hii akiwa amevaa.

Mama Mkubwa aliendelea kuja, akikaa getini, na Mama alimwinua Mheshimiwa dirishani kama kombe. Hadi jioni moja alipopita kiti chake bila kukiangalia, akapanda barazani, akaenda kusimama chini ya Mmbea. Daktari alikuwa ameshamruhusu, alisema, lakini alitaka kusikia kwa huyu.

Tukanyamaza wote, hata Mheshimiwa.

Tik. Halafu kimya. Halafu, baada ya kutufikiria vya kutosha, tik.

"Mlete," akasema Mama Mkubwa, na mikono ilikuwa tayari mbele.