Vifaa Kumi na Tisa Vilivyokufa

Mgeni njoo, mwenyeji aumie. Najua wazee walisema apone. Wazee hawakumpokea Bwana Morita.

Alitoka Japani, kwenye kiwanda cha pampu za maji, akaja kukiangalia kifaa chetu. Mimi na mchumba wangu Humam tulikitengeneza hapa mtaani Darsait, kwenye chumba kilicho juu ya duka la matairi. Ni kijisanduku cha kubandika kwenye pampu: kinaisikiliza inavyonguruma na kutoa taarifa kabla haijafa. Kiwanda kile kingekubali, kila pampu yao ingetoka na sikio letu. Harusi tulikuwa tumeipanga baada ya Idi. Humam aliyataja mambo hayo mawili kwa pumzi moja, kana kwamba ni sherehe moja.

Asubuhi ya ugeni aliniita pembeni.

"Ghaliya, lile boksi la vibovu lipeleke garini."

"Kwa nini?"

"Mgeni hupokewa sebuleni, mama. Haonyeshwi jikoni."

Nikacheka, nikalibeba. Ndani mlikuwa na vifaa kumi na tisa vilivyokufa kwenye mashamba ya Barka. Kila kimoja nilikifungia karatasi: tarehe, kilichokiua, kosa la nani. Saba yalikuwa makosa yangu. Kumi na mawili ya Humam, kwa sababu kasha la kifaa alilichora yeye, na mshono wake ulikuwa ukipitisha chumvi. Karatasi zile tulizisoma pamoja mara nyingi, tukacheka mpaka machozi.

Bwana Morita alikunywa kahawa, akaionja halwa, akairudia. Humam akaninong'oneza, "Akimaliza sahani, tumeoana."

Kisha mgeni akauliza kwa Kiingereza cha taratibu, "Vilivyoharibika viko wapi?"

"Hakuna," Humam akajibu, mkono kifuani. "Hata kimoja, alhamdulillahi."

Bwana Morita akakiweka kijiko chini. Hakukasirika. "Kwetu kiwandani," alisema, "kilichoharibika ndicho kinachotangulia mezani. Kama hakuna, bado hamjaanza." Akashukuru kwa kahawa, akaanza kukusanya makaratasi yake, moja moja.

Miaka yetu mitatu ya kazi ilikuwa ikiingia kwenye mkoba ule. Nikamtazama Humam, nikangoja aseme. Alikuwa akitabasamu, tabasamu la kumsindikiza mgeni mlangoni. Nikashuka ngazi mbio mpaka kwenye gari, nikarudi na boksi, nikalimwaga mezani.

Yule mzee akavua koti. Kwa saa nzima alivigeuza vifaa vile mkononi, akinitaka nimtafsirie kila karatasi. Mara kumi na mbili nilisoma jina la Humam kwa sauti, naye Humam amekaa palepale. Sikuruka hata moja.

Mkataba ulitiwa saini wiki ile ile. Kasha litachorwa upya Japani. Kwenye picha ya kutia saini Humam amesimama mwisho kabisa, bega lake moja limekatwa.

Tangu siku ya boksi amenisemesha mara moja tu, kwenye ngazi.

"Ungeniacha nikaanguka na uongo wangu, ningeinuka. Umenivua nguo, Ghaliya."

"Tungemkosa."

"Tungemkosa pamoja."

Neno hilo la mwisho ndilo linaloniamsha usiku.

Juzi mama yake, Bi Masouda, aliniita kwao Sib. Alikuwa amepika biriani ya samaki, akanikalisha ubavuni pake, akanichambulia miba kama mtoto.

"Mwanangu, nnakujua tangu unatambaa. Mwambie samahani tu. Neno moja, na Idi hii tunakuozesheni."

"Yeye kasema hivyo?"

"Kasema bila ya hilo, khalas, ndoa hakuna. Na mimi wallahi sitaki mke mwengine wa mwanangu."

"Nampenda, Bi Masouda."

"Sasa si useme! Ulimi wako huu, wa kuwajibu Wajapani, leo umekufa ganzi?"

Machozi yalinidondoka kwenye wali. Akanipa upande wa mtandio wake nijifutie. Ulinukia udi, ule ule anaofukizia kanzu za Humam, na kidogo niliseme neno lile.

"Siombi samahani," nikamwambia. "Si leo, si Idi, si akioa mwengine. Siombi."