Rejeta ya Ambulensi ya Tallsele

Jumanne asubuhi Gunnel alikuwa amelala chali chini ya Volvo yake, gunia limetandikwa juu ya theluji, akitazama maji ya rejeta yakidondoka kwenye sufuria ya zamani ya uji. Jioni iliyotangulia elki, yule mnyama mrefu kuliko farasi na mwenye pembe pana kama sinia za harusi, alivuka barabara bila kuangalia kushoto wala kulia. Ncha ya pembe ikapenya hadi kwenye rejeta. Elki akaenda zake. Gari ndilo lililobaki na kidonda.

Mumewe Helmer alifungua dirisha la jikoni.

"Gari limekufa?"

"Rejeta tu. Funga dirisha, mgonjwa ni wewe, si gari."

Alisema kweli. Figo za Helmer zilikuwa zimegoma tangu kiangazi, na Alhamisi alitakiwa awe hospitali ya mjini, mwendo wa karibu saa mbili, akasafishwe damu. Daktari alishamwambia Gunnel bila kuzunguka: akikosa mara moja atavimba, akikosa mara mbili anza kuoka mikate ya msiba. Zamani kijiji cha Tallsele kilikuwa na ambulensi yake, na gari dogo la kuchukua wagonjwa. Mkoa uliviondoa vyote viwili, na kwa kuwafuta watu machozi ukawagawia kalenda zenye picha za ndege.

Basi Gunnel akapanda kiti chake cha kuteleza, kile cha miguu mirefu ya chuma kinachosukumwa kwa mguu mmoja, akaenda kwa Sixten mwenye yadi ya magari mabovu. Sixten hasemi neno la biashara kabla ya kahawa. Alikata jibini vipande, akavitumbukiza kwenye vikombe kama ilivyo desturi ya huko, wakanywa, wakala jibini kwa kijiko, wakafuta midomo.

"Za Volvo kama yako zimekwisha," akasema Sixten.

"Zote?"

"Zote. Tukuposee ya ukoo mwingine. Mradi midomo yake ya juu na ya chini ikae upande unaotakiwa, na boneti ifunge."

"Mimi mwenyewe niliolewa hivyo hivyo," akasema Gunnel. "Twende."

Rejeta zilitundikwa ukutani bandani, kila moja na mkao wake. Sixten hakutoa futi ya kupimia. Watu wa huko kaskazini hawasemi ndiyo. Huvuta pumzi ndani ghafla, fyuu, kama aliyeonja chai ya moto, na hapo ujue umekubaliwa. Rejeta zilizoishi nao miaka mingi zilikuwa zimejifunza.

"Utafaa kwa Volvo ya Gunnel?" akaiuliza ya Saab. Kimya. Akaiuliza ya Opel. Kimya, tena cha dharau. Pembeni kabisa palikuwa na moja pana, nyeusi, iliyotoka kwenye gari la Kijerumani. Kabla hajamaliza kuuliza, ikavuta pumzi.

"Umesikia?" akasema Gunnel.

"Nimesikia. Ngoja kwanza." Mwaka uliopita Sixten alichukulia mlio wa tundu kuwa ndiyo, akamfungia mchungaji wa kanisa rejeta iliyokuwa inavuta hewa tu kwa ubovu, na mchungaji akachelewa kumzika mtu. Tangu siku ile hutumbukiza kwanza kwenye beseni. Akaitumbukiza hii. Haikutoa hata kiputo kimoja.

"Ndiyo ya kweli," akasema. "Hii ni ya ambulensi yetu ya zamani."

Gunnel akaikalisha kwenye kiti cha kuteleza, akaifunika blanketi, akaisukuma hadi nyumbani. Ilikuwa pana mno, lakini alipoisogeza mahali pake ikajibana mabega ikaingia. Paipu ya chini haikufika; akaiunga kwa kipande cha bomba la shaba. Boneti ikafunga.

Alhamisi waliondoka jua halijatoka; huko wakati wa baridi jua huchelewa kama bibi harusi. Helmer alikaa mbele, mto mgongoni. Mshale wa joto ulisimama katikati na haukutikisika tena. Walipopita kanisa, theluji ya pande zote mbili ikaanza kupigwa na mwanga wa buluu, ukija na kwenda, ingawa juu ya Volvo hapakuwa na taa. Msitu mzima ulikuwa ukipumua buluu. Elki walitoka barabarani, wakasimama kandokando kwa mstari, wakainamisha pembe mpaka gari likapita. Helmer akavua kofia.

Kwenye nyumba ya Svea gari likasimama lenyewe. Svea, aliyekufa kwa moyo Pasaka iliyopita, akatoka na mkoba wake uliokwisha fungwa, akaingia nyuma.

"Mmechelewa kidogo," akasema.

"Barabara inateleza," akasema Gunnel.

Gari likasimama kwa Albin, aliyeanguka kutoka juu ya paa akikwangua theluji. Likasimama kwa Ebba, mwenye tumbo la miezi tisa alilozikwa nalo, akishikilia kiuno. Likasimama kwingine na kwingine. Wote walitosha, wafu hawabanani. Vioo vilipata ukungu mbele tu.

Hospitalini kila mmoja alichukua karatasi ya foleni kwenye mashine, akaketi, akatazama ubao wa namba. Watu wa huko hata ukiwaua hawaruki foleni.

Muuguzi wa mapokezi akatazama kompyuta. "Helmer namwona. Hawa wengine hawamo."

"Walipiga simu," akasema Gunnel.

"Simu zao zipo. Waliambiwa wasubiri."

"Basi wanasubiri."

Damu ya Helmer ikazunguka kwenye mashine, ikarudi safi. Namba za akina Svea hazikuitwa. Jioni waliweka karatasi zao mifukoni, wakapanda gari, na kila mmoja akashushwa mlangoni kwake. Ebba aliaga kwa mkono.

Tangu hapo ni hivyo kila safari. Muuguzi alilifikisha jambo hilo mkoani. Mkoa ukajibu kwamba wanaosubiri ukumbini watumie viti vya nyuma, na mwaka mpya ukatoa kalenda nyingine, mara hii ya maua.

Juzi, wakirudi, Helmer aligeuka akawatazama wa nyuma, mwanga wa buluu ukipita juu ya nyuso zao tulivu.

"Pamebaki nafasi huko," akasema.

"Wewe kaa hapa mbele, mzee. Nani atanishikia termosi ya kahawa?"

Helmer akaegemea dashibodi. "Nitakaa mbele?" akaliuliza gari.

Chini ya boneti kitu kikavuta pumzi, fyuu.

Gunnel angeweza kusimama, afungue boneti, aangalie kama ni bomba la shaba tu limelegea linavuta hewa. Akatia gia, akaendelea.