Ulimi Uliosuguliwa

Daktari Pu Shoucheng namjua tangu tuko darasa la kwanza, siku aliyolia kwa kukalia chura. Ndiyo maana sioni haya kubishana naye hata akiwa amenichoma sindano saba za tiba ya Kichina, zile nyembamba zisizo na dawa.

Mwaka huu majani yalipoanza kupukutika hapa Chengdu, hewa ilikauka, na kikohozi kikanivamia zikiwa zimebaki siku tisa tu niimbe. Kila siku ya tisa ya mwezi wa tisa, kwa kalenda yetu ya Kichina, sisi wazee huimba michezo ya kuigiza ya zamani kwenye nyumba ya chai. Pu ndiye mpiga ngoma wetu, na mpiga ngoma ndiye mwenye kauli ya mwisho. Nafasi ya malkia nimeingoja miaka kumi na miwili. Nyuma yangu alikuwa Wen Suqiong, aliyeikariri nafasi yangu yote, eti kwa kujifurahisha.

"Msimu huu pafu linataka kulainishwa," Pu alisema akizungusha sindano kwenye kiwiko changu. "Kula vyeupe. Mapeasi ya kuchemsha, uyoga mweupe. Pilipili, marufuku."

"Marufuku, Chengdu hii yenye pilipili kwenye kila sufuria? Si ungeniambia tu nisipumue."

"Kikohozi kisipokwisha, Suqiong ataimba."

"Yule? Anaimba kama mlango usiotiwa mafuta."

"Mlango haukohoi, dada."

Siku sita nilikula vyeupe mpaka nikawachukia hata bata weupe bustanini. Kikohozi kikapungua. Siku ya saba nikapita kwa muuza vichwa vya sungura. Sijitetei. Nilikula vitatu, vyekundu kwa pilipili, na vidole nikalamba.

Asubuhi koo linawasha, na kioo kikaniumbua: ulimi umejaa utando mzito wa njano. Pu huusoma ulimi kama wengine wasomavyo gazeti. Basi nikachukua mswaki, nikausugua mpaka ukabaki mwekundu na mtupu. Nikaenda kwake najiona mjanja.

Pu aliuangalia. Akavaa miwani, akauangalia tena. Akaweka vidole vitatu kwenye mshipa wa mkono wa kulia, kisha wa kushoto, kisha akarudia wa kulia. Sindano alizokwisha kuziandaa akazirudisha kwenye kopo.

"Unalala vizuri, dada Bizhen?"

"Nalala."

"Mwanao bado yuko Chongqing? Mpigie simu aje. Mambo ya kuimba tuyaache kwanza."

"Shoucheng, usinitishe."

"Ulimi mtupu namna hii," alisema, "mara ya mwisho niliuona kwa mama watoto. Hakumaliza miezi mitatu."

Mkewe tulimzika wote. Aibu ilinishika hadi masikio yakawaka moto. Hata umalkia niliusahau.

"Ni mswaki," nikasema.

"Mswaki gani?"

"Nimeusugua ulimi. Jana nilikula kichwa cha sungura."

"Kimoja?"

"Kimoja."

Akanikazia macho.

"Vitatu."

Alikaa kitini, akavua miwani, akajifuta uso. Kisha akaniita majina ambayo hajawahi kuyatumia tangu siku ya chura. "Mficha uchi hazai," alimalizia, "na wewe ni bibi mzima." Akanichoma sindano tisa. Naamini mbili zilikuwa za hasira.

"Utaimba," alisema akichomoa ya mwisho. "Ukikohoa mbele za watu, shauri yako."

Siku ikafika. Nilipopanda kwenye sauti ya juu kuliko zote, koo likaniwasha, na nikajua kikohozi kinakuja. Kabla hakijatoka ngoma ikalia, pigo kubwa ambalo halimo kabisa katika mchezo ule, hata mzee aliyesinzia meza ya mbele akamwaga chai. Nikakohoa humo humo ndani ya ngoma, nikaendelea. Watu wakashangilia. Suqiong peke yake alimtazama Pu kwa jicho la pembeni, na Pu akajifanya anakaza ngozi ya ngoma.

Kesho yake, kabla ya chai na kabla ya mswaki, nilikuwa mlangoni kwake nimeutoa ulimi nje, wa njano vilevile ulivyoamka.